Mafuta ya uduvi hueleza alichokula

Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, hutoka na taa zao, na asubuhi wavu unapomwagwa mwaloni, katikati ya dagaa huonekana uduvi wadogo wa Caridina nilotica. Baada ya furu, samaki wadogo wa ziwa hili, kupungua sana katika miaka ya 1980, uduvi hawa waliongezeka, na sangara wachanga huwala kwa wingi. Mimi nataka kujua wao wenyewe wanakula nini.

Kumpasua mnyama wa sentimita mbili hivi na kuchungulia tumboni hakufai sana, kwa kuwa chakula kimekwisha kusagwa, na kinachotambulika ni vitu vigumu tu, kama magamba ya diatomu (mwani wa seli moja). Tena ni mlo wa saa chache zilizopita. Mafuta ya mwilini hutunza habari za wiki kadhaa. Diatomu huwa na wingi wa asidi ya mafuta (mnyororo wa kaboni unaojenga mafuta) yenye kaboni 20 na bondi maradufu tano, yaani viungo viwili-viwili kati ya kaboni. Dinoflajeleti, viumbe wengine wa seli moja, huwa na wingi wa ile ya kaboni 22 na bondi sita. Bakteria hujulikana kwa minyororo yenye matawi au yenye kaboni 15 na 17. Mnyama akila, sehemu kubwa ya asidi hizo huhifadhiwa bila kubadilishwa sana. Ili kuzitoa tunatumia klorofomu na methanoli kwa uwiano wa 2 kwa 1, njia iliyochapishwa na Folch na wenzake mwaka 1957, kisha kromatografia ya gesi, mashine inayopambanua kila asidi, huzitenganisha.

Mbinu hii imekomazwa zaidi baharini, na huko ndiko yalikopatikana maonyo yake. Kopepodi (krasteshia wadogo sana) wa jenasi ya Calanus hujaza mwili esta za nta, aina ya mafuta ya akiba, na ndani yake mna asidi za kaboni 20 na 22 zenye bondi maradufu moja, ambazo huziunda wenyewe. Anayezikuta katika samaki anaweza kusema kwamba samaki huyo alikula Calanus, lakini akizikuta katika Calanus mwenyewe hajajua lolote kuhusu mlo wake. Vilevile fosfolipidi, mafuta yanayojenga utando wa seli, hudhibitiwa na mwili, kwa hiyo ni vyema kuzitenga na trigliseridi za akiba, ambazo ndizo hufuata chakula kwa karibu. Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu inachosha.

Jedwali la baharini la asidi na vyakula vyake, basi, haliazimwi hivi hivi na kuletwa ziwani. Maji ya kijani ya Ghuba ya Mwanza yana sianobakteria wengi (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea), nao hawana zile asidi za kaboni 20 na 22, kwa hiyo dalili ya kuliwa kwao ni upungufu zaidi kuliko alama, na upungufu huweza kuwa na sababu nyingine. Uduvi waliokaushwa juani nao siwachukui kabisa: omega-3, kundi la zile asidi zenye bondi maradufu tano au sita, huharibiwa upesi na hewa na joto, kama anavyojua yeyote aliyewahi kunusa dagaa wa zamani. Nawanunua wabichi alfajiri, nawatia kwenye barafu, na maabara wanahifadhiwa kwa nyuzi 80 chini ya sifuri.

Kwa sasa nimewaweka uduvi hai katika ndoo kadhaa, kila ndoo na chakula chake kimoja: tope la chini ya ziwa, utelezi uliokwanguliwa kwenye mizizi ya magugu maji, diatomu nilizozikuza mwenyewe. Nitawalisha hivyo kwa wiki kadhaa, hadi akiba yao ya zamani itumike, ndipo niwalinganishe na wale wa mwaloni.