Uchovu wa saratani hauishi kwa kulala

Mama mmoja kutoka huko juu Kibosho alikuja kwa dozi ya tatu ya tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani, akiwa ameshikwa na mabinti wawili, mmoja kila mkono. Nilipomuuliza anaendeleaje, binti akawahi: "Anapumzika vizuri, dada. Hatumwachii hata ufagio." Mama akasema taratibu, "Nalala mchana, nalala usiku, naamka nimechoka zaidi."

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Moshi, na maneno kama hayo nayasikia mara kwa mara. Uchovu wa kulima kutwa huisha ukilala. Huu ni mwingine. Dawa hudhoofisha uboho unaotengeneza damu, maumivu na hofu hula usingizi, chakula hakipiti. Juu ya hayo, misuli isiyotumika hulegea upesi, hata kwenda msalani kukawa safari. Ndiyo maana huwa naumia nikiona familia inayompenda mgonjwa wake ikimfungia kitandani.

Kinachosaidia kuliko vyote ni kutembea. Lengo ni nusu saa, mara tatu kwa wiki, lakini hakuna anayeanzia hapo. Mama yule tulimwanzishia dakika 5, asubuhi kabla jua halijawa kali: mlangoni hadi mwisho wa migomba, kisha arudi. Akaomba pia arudishiwe kazi ya kulisha kuku, nami nikawasihi mabinti wamwachie. Siku chache baada ya dripu mwili hushuka. Apunguze hatua, asiache. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Ila kama saratani imefika kwenye mifupa, aonwe kwanza na mtaalamu kabla ya kuanza kutembea.

Tumezoea kumjibu daktari "sijambo" hata tukiwa hoi. Tafadhali, mpe namba: 0 ni hakuna uchovu, 10 ni uchovu usiovumilika. Ikifika 4, sema, ili chanzo kitafutwe na damu ipimwe. Juisi ya rozela inywewe kwa kuwa ni tamu, si kwa kuwa itaongeza damu; mtori uliwe kwa kuwa unashibisha na unapita kooni kirahisi, lakini uboho uliodhoofishwa na dawa hauamshwi na juisi.

Mgonjwa akihema kwa shida akiwa amekaa, akizimia au akitokwa damu, msisubiri. Na joto la mwili likifika 38, mleteni hospitali usiku huohuo, hata kama mtalazimika kumwamsha jirani mwenye gari.