Oili Nzito Haizibi Uvujaji wa Injini

Kwa miaka mingi madereva wameambizana kwamba gari likianza kudondosha oili kidogo, dawa ni kuacha oili nyepesi iliyoelekezwa na mtengenezaji, kama 5W-30, na kumimina nzito ya 20W-50. Imani hii haikutoka hewani, kwa kuwa oili nzito hupita polepole zaidi kwenye upenyo mdogo na matone huweza kupungua kwa muda. Lakini upenyo wenyewe unabaki palepale.

Chanzo cha kawaida ni gasketi (kizibo bapa cha kuzuia oili) ya kava la juu la injini au sili (pete za kuzuia oili) za krankshafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini), ambazo hukauka na kuwa ngumu kutokana na joto la miaka mingi. Wakati mwingine sili ni nzima, ila valvu ya PCV, inayopunguza mgandamizo wa hewa ndani ya injini, imeziba, hivyo oili ikasukumwa nje. Hapo hata sili mpya itavuja. Tena, katika injini kama 1NZ-FE ya Toyota, ambayo mfumo wake wa VVT-i (unaorekebisha muda wa valvu kufunguka na kufunga) huendeshwa na shinikizo la oili inayopita kwenye njia nyembamba, oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika, hasa injini ikiwa baridi.

Safisha injini kwanza, uendeshe siku chache, kisha utazame unyevu unaanzia wapi, maana oili hutiririka chini na kumpoteza hata fundi mzoefu. Pima kiwango cha oili kwa stiki kila wiki na uongeze oili ya daraja lilelile lililoelekezwa na mtengenezaji. Ikidondokea ekzosi, usingoje, kwani inaweza kuwaka moto.