Moto wa V8 ya zamani: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Land Rover 109 ya V8 ya mzee mmoja wa Karatu imelala gerejini kwangu Sombetini tangu masika. Injini imesharudi kwenye chesisi ikiwa na ringi mpya, beringi mpya, kemshafti mpya na tapeti mpya. Likabaki swali moja la moto, yaani cheche inayowasha petroli: tuendelee na platini (swichi ndogo inayofunguka na kufunga ndani ya distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda) au tufunge moto wa elektroniki, ambao kazi hiyo inafanywa na moduli? Kila aliyepita getini alikuwa na jibu lake, na majibu mengi ni yale yale ninayoyasikia hapa Arusha miaka yote. Baadhi niliwahi kuyaamini, yakanigharimu.

Kwanza tuijue injini yenyewe. Ni ya sentimita za ujazo 3,528, na asili yake ni Marekani. Buick waliitoa kwa modeli za mwaka 1961, kisha Rover wa Uingereza wakanunua haki ya kuitengeneza katikati ya miaka ya 1960. Range Rover ya kwanza ya mwaka 1970 ilikuja nayo. Mpangilio wake wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, 1-8-4-3-6-5-7-2, ndio huo huo wa V8 ndogo za Chevrolet, kwa hiyo mengi nitakayosema yatamfaa pia mwenye gari la Kimarekani la zamani.

“Ukifunga elektroniki, gari linaongezeka nguvu.”

Mchanganyiko wa petroli na hewa ukishawaka vizuri, hauwaki zaidi kwa sababu cheche imetoka kwenye moduli. Platini zilizosetiwa sawasawa na elektroniki iliyosetiwa sawasawa zitapanda mlima wa Mto wa Mbu kwa nguvu ile ile. Tofauti inaanza mizunguko ikiwa mikubwa. Injini ya V8 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika inahitaji cheche kama 267 kila sekunde, na platini zinafunguka na kufunga mara hizo zote. Kati ya cheche na cheche kuna chini ya milisekunde 4, na koili, inayozalisha umeme wa cheche, inajazwa umeme kwa sehemu tu ya muda huo. Kadiri mwendo unavyozidi, koili inapata muda mfupi wa kujaa, na springi ya platini nayo inaanza kushindwa kurudi kwa wakati. Hapo elektroniki inashinda. Lakini Land Rover ya mzigo inafika huko kwa nadra sana.

Faida kubwa ya elektroniki kwa gari kama hili ni kwamba haibadiliki. Kisigino cha platini kinasuguana na kemu ya distributa na kulika kidogo kidogo. Pengo linapungua, na moto unachelewa bila dereva kugundua. Fundi akisahau kupaka grisi kidogo kwenye hiyo kemu, platini mpya zinahama mapema zaidi.

“Koili kali, cheche kali.”

Hili ndilo limeunguza spea nyingi kuliko yote ninayoyajua. Koili iliyoandikwa volti 40,000 haitoi volti 40,000 kila mara. Umeme unapanda hadi pale unapoweza kuruka pengo la plagi, ukisharuka haupandi tena. Kinachoamua ni ukubwa wa pengo na mgandamizo ndani ya silinda.

Cha kuangalia ni upinzani wa koili, na hilo unalipima kwa mita kabla ya kufunga. Koili ya kawaida ya volti 12 ina kama omu 3. Ile inayotumia rezista ya nje (kipunguza umeme kwenye waya wake) ina kama omu 1.5, na hizo mbili kwa sura zinafanana kama mapacha. Ukiifunga ya omu 1.5 bila rezista kwenye platini, mkondo unakuwa mkubwa mno na nyuso za platini zinaungua. Ukiifunga ya omu 3 ukaiacha rezista ya zamani njiani, cheche inakuwa dhaifu na utalaumu kabureta wiki nzima. Kwa moduli, fuata omu zilizoandikwa kwenye karatasi yake, usibahatishe.

Na swichi ya ufunguo usiiache imewashwa wakati injini haizunguki. Mimi niliiacha wakati natafuta waya wa taa ya breki, dakika chache tu, nikakuta koili haishikiki kwa joto na moduli imekufa. Si moduli zote ziko hivyo, ila zile rahisi nyingi hazijikati zenyewe. Platini zikikaa zimefunga nazo zinaunguza koili vile vile.

“Huku kwetu ni juu, hewa nyepesi, kwa hiyo cheche lazima iwe kali.”

Ni kinyume. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na ukingo wa Ngorongoro unapita mita 2,200. Hewa ikiwa nyepesi, mgandamizo kwenye silinda unapungua na cheche inaruka kwa urahisi zaidi. Mchanganyiko ule unawaka polepole, ndiyo maana injini ya huku huvumilia moto uwahi, yaani cheche itoke mapema, kidogo kuliko kule Dar. Usizidishe, sikiliza isigonge.

Bomba la vakyumu la distributa, linalowahisha moto kwa mvuto wa hewa ya injini, mafundi wengi huliziba. Warudishe. Gari likienda taratibu bila mzigo linahitaji moto uwahi, vinginevyo linakunywa petroli na kuchemka.

“Elektroniki inatibu distributa iliyochoka.”

Inaficha kiasi tu. Shika shafti ya distributa juu, kwenye roto, uisukume pembeni. Ya mzee ilicheza hadi jicho likaona. Bushi zikiwa hivyo, kila silinda inapata moto wake kwa wakati tofauti, hata ukiwa na moduli. Ndani nilikuta vile vizito vya kusogeza moto vimeganda kwa kutu, na waya mdogo wa ethi (wa kurudisha umeme kwenye bodi) umebaki nyuzi tatu. Hayo yote tuliyatengeneza kabla ya kuzungumzia moduli.

“Taimingi (wakati wa cheche kutoka) tutaseti likishawaka.”

Kwa injini yenye kemshafti na tapeti mpya za aina hii, hapana. Tangu inapowaka inatakiwa ishikiliwe kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 hivi, ili kemu ipate oili ya kutosha. Ukipiga stata muda mrefu ukitafuta moto, grisi iliyopakwa wakati wa kufunga injini inafutika na kemu mpya inalika siku hiyo hiyo. Moto ukichelewa mno, manifoldi ya eksozi inaiva nyekundu.

Kwenye injini hii shafti ya distributa ndiyo inayozungusha pampu ya oili. Tulichomoa distributa, tukaizungusha pampu kwa drili yenye bisibisi bapa mpaka geji ikapanda. Kisha tukaweka kidole kwenye tundu la plagi namba moja, tukazungusha kranki hadi hewa ikasukuma kidole na alama ya puli ikakaa mahali pake. Distributa ikarudi.

Uamuzi wangu ulikuwa kuiwasha kwanza kwa platini. Ukiunga taa ndogo kati ya koili upande wa hasi na bodi, swichi ikiwa imewashwa, inawaka pale pale platini zinapofunguka, hivyo unaijua taimingi kabla ya kugusa stata. Baada ya kilomita 500 tutafunga moduli ndani ya distributa ile ile, kwa sababu mzee anasafiri peke yake na hapendi kushika filagegi (kipimo cha pengo la platini). Platini, kondensa na bisibisi vitakaa kwenye mfuko chini ya kiti.

Jumamosi saa nne asubuhi iliwaka kabla stata haijamaliza mzunguko wa pili. Mzee alishika saa, mimi nikashika mkono wa kabureta, dakika 20 bila kuachia.