Mafuta hayajaibiwa, mbegu imekunywa unyevu

Wiki hii tena. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa alizeti, kaingia maabara na ripoti mbili. Ile ya Singida, ya wakati wa mavuno, inasema mafuta asilimia 42. Yangu inasema 39.8. "Mwanangu, mafuta yangu yamekwenda wapi?"

Hayajakwenda popote, mzee wangu. Mbegu ilitoka Singida na unyevu wa asilimia 5. Ikalala ghalani Buguruni hadi masika, na hewa ya Dar tunaijua. Imenifikia na asilimia 10. Ondoa maji, upige hesabu kwa mbegu kavu: 42 gawanya kwa 0.95, na 39.8 gawanya kwa 0.90. Kote unapata 44.2. Mbegu ni ileile! Anayepanga bei kwa asilimia ya mafuta bila kuuliza unyevu ananunua maji. Na wanaoniudhi zaidi si wafanyabiashara, ni sisi wa maabara tunaotoa ripoti yenye asilimia ya mafuta peke yake, bila unyevu.

Na kwa wenzangu wa maabara, protini kwa ufupi: tunapima nitrojeni, kisha tunaizidisha kwa namba maalumu kupata protini; msizidishe kwa 6.25 kila mahali. Alizeti na ufuta ni 5.30, karanga 5.46. Kwa 6.25 mashudu yanasifiwa protini yasiyokuwa nayo. Na sampuli ichukuliwe kwa bambo, ile bomba yenye ncha ya kuchomea gunia, kutoka magunia mengi, ya juu na ya chini, siyo kiganja kimoja cha gunia la mlangoni.

Turudi kwenye unyevu, maana hata huo haupimiki kirahisi. Tunapima unga wa mbegu, tunaukausha kwenye oveni, tunapima tena; uzito uliopungua ndio tunauita unyevu. Ukitoa kikombe kwenye oveni ukachelewa kukifunika, tarakimu ya mwisho ya mzani inapanda huku unaitazama: unga mkavu unavuta maji hewani. Hilo dawa yake ni kifuniko na desiketa, chombo kinachofungwa chenye dawa ya kunyonya unyevu. Linalonisumbua ni jingine. Kwenye oveni ya nyuzi joto 103 za Selsiasi uzito unashuka, unatulia, kisha ukiuacha saa nyingi unaanza kupanda, kwa sababu mafuta ya alizeti yanashika oksijeni. Na kilichoruka mwanzoni hakikuwa maji matupu. Mimi nachukua uzito wa chini kabisa, lakini siwezi kuapa kwamba ndio wa kweli. Ninachoweza ni kufanya vilevile kila siku na kuandika nilivyofanya.

Mzee nimemchapia ripoti upya. Mstari wa unyevu uko juu, wa mafuta chini yake, na wa tatu ni mafuta kwa mbegu kavu. Kaipiga picha kwa simu palepale, akampigia mnunuzi wake.