Kumiliki asilimia 80 si kujumuisha asilimia 80

Wengi huamini kwamba kampuni mama yenye asilimia 80 ya hisa za kampuni tanzu huingiza asilimia 80 tu ya mali na madeni yake katika hesabu jumuishi, yaani hesabu za kampuni zote za kundi zikiunganishwa pamoja. Sivyo. IFRS 10, kiwango cha kimataifa cha uandaaji wa hesabu, kinatazama udhibiti, yaani uwezo wa kuiongoza kampuni tanzu: ukishakuwa nao, unaingiza vyote, mstari kwa mstari.

Tuseme siku ya ununuzi kampuni tanzu ina mali za milioni 500 na madeni ya milioni 200, kwa thamani halisi ya soko. Zote zinaingia. Mali baada ya kutoa madeni ni milioni 300, na fungu la wanahisa wachache, yaani wenye asilimia 20 iliyobaki, likipimwa kwa uwiano wa hisa zao, ni milioni 60. Fungu hilo haliwekwi kwenye madeni, kosa linaloniudhi kwa sababu linapotosha picha ya ukopaji wa kundi zima. Ni sehemu ya mtaji, linaloonyeshwa kando na mtaji wa wenye kampuni mama.

Faida nayo huripotiwa yote, kisha hugawanywa kati ya wenye kampuni mama na wanahisa wachache. Hasara vilevile, hata fungu la wanahisa wachache likishuka chini ya sifuri.