Breketi za rafu zinazohamishika: anza na kulabu, mkono utafuata

Nikiletewa mchoro wa breketi ya rafu niukague, mkono wenyewe huwa nautazama mwisho. Karibu kila mara uko sawa. Wasanifu wengi huuongezea hata unene usiohitajika, kisha wakautia na kiegemeo cha mshazari kwa chini ili uonekane imara. Mimi hukimbilia zile milimita chache za nyuma, pale kulabu inapoingia kwenye tundu la reli. Rafu ikianguka bila ukuta kubomoka, mara nyingi imeangukia hapo, na hapo ndipo mchoraji huwa amepapita haraka.

Mfumo ninaouzungumzia ni huu: reli mbili au zaidi za chuma zinafungwa wima ukutani, zina matundu yaliyopangwa kwa nafasi sawa, na breketi huchomekwa kwenye tundu lolote utakalo. Ukitaka kupandisha rafu, unainyanyua breketi, unaichomoa, unaihamisha. Wazo hili lina umri wake. Mwaka 1949 Nils Strinning wa Uswidi alibuni rafu za String, ambazo ubavuni zina ngazi za waya mnene wa chuma. Mwaka 1960 Dieter Rams wa Ujerumani akaja na mfumo wa 606, wenye reli ya alumini na pini. Sura tofauti, swali lile lile: kiungo gani kinafunguka kwa mkono bila spana, na bado hakilegei mzigo ukishakaa?

Tupige hesabu. Rafu yenye kina cha sentimita 30 imebeba kilo 40 juu ya breketi mbili. Kila breketi ina kilo 20, yaani takriban nyutoni 200. Mzigo ukienea sawasawa, ni kana kwamba wote umekaa sentimita 15 kutoka ukutani. Momenti yake, yaani kani mara umbali wake kutoka ukutani, ni 200 mara 0.15, sawa na nyutoni-mita 30. Momenti hiyo inataka kuipindua breketi iangukie mbele, na kinachoizuia ni kani mbili zinazokinzana: kulabu ya juu inavutwa itoke kwenye reli, kisigino cha chini kinagandamizwa kwenye reli. Kama kutoka kulabu hadi kisigino ni sentimita 5, gawanya 30 kwa 0.05. Jibu ni nyutoni 600. Breketi imebebeshwa kilo 20, lakini kulabu yake inavutwa kwa nguvu ya kilo 60.

Refusha mgongo wa breketi hadi sentimita 10 na mvuto huo unashuka hadi nyutoni 300. Hakuna badiliko jingine kwenye breketi linalokupa faida kubwa namna hii kwa chuma kidogo hivyo. Ndiyo maana breketi zenye kulabu tatu zilizobanana hazinivutii. Kulabu ya kati huongeza ugumu wa kukata tu. Ikipishana na tundu kwa sehemu ndogo ya milimita, ama haigusi kitu, ama inazizuia zenzake zisikae. Afadhali mbili zilizoachana. Kwa mzigo wa kushuka peke yake, ya chini wala haihitaji kuwa kulabu, maana kazi yake ni kusukuma. Huiwekea kulabu ili breketi isiyumbe kushoto na kulia, na isichomoke kirahisi mtu akiinyanyua rafu kwa mbele.

Sasa tuisogelee kulabu yenyewe. Imekatwa kwenye bamba la milimita 2, kipande kimoja na mkono. Ina shingo inayopita tunduni, na ulimi unaoning'inia nyuma ya uso wa reli. Shingo haina matata. Ikiwa na kimo cha milimita 8, eneo lake ni milimita 16 za mraba, na nyutoni 600 zikigawanywa humo ni kama megapaskali 38 (megapaskali ni nyutoni kwa kila milimita ya mraba). Chuma laini cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja, bila kurudi, kwenye megapaskali 235 hivi. Mwenye kesi ni ulimi. Kulabu ikivutwa, uso wa reli unaukaba ulimi, nao unapinda kwenye mzizi wake. Tuseme upana wake ni milimita 6 na kani inauangukia milimita 4 chini ya mzizi. Momenti hapo ni 600 mara 4, yaani 2,400. Ukinzani wa sehemu hiyo ni unene mara mraba wa upana, gawanya kwa 6: 2 × 36 ÷ 6, sawa na 12. Gawanya 2,400 kwa 12, unapata mkazo wa megapaskali 200.

Yaani tumebakiwa na nafasi ndogo mno, na bado hatujaihesabu kona ya ndani, ambako mkazo hujikusanya, wala mtu atakayeishika rafu kwa ukingo ili ajivute asimame. Na watu hujivuta. Rafu iliyo kwenye kimo cha mkono nahesabu kuwa siku moja itashikwa.

Panua ulimi kutoka milimita 6 hadi 9. Ukinzani unakuwa 2 × 81 ÷ 6, yaani 27, na mkazo unashuka hadi 89. Kwa milimita 3 za chuma mahali pamoja umepunguza mkazo kwa zaidi ya nusu. Anayekimbilia bamba nene zaidi, la milimita 3, akiacha ulimi wa 6, anafika 133 tu, na breketi nzima imekuwa nzito kwa nusu ya uzito wa awali. Upana uko ndani ya mraba, unene hauko. Hesabu nzima ya ulimi ni hiyo. Kona ya ndani nayo iwe ya duara, nusu kipenyo milimita 1 au zaidi, na ukingo wa tundu ulegezwe kidogo ili duara hilo lisikwame.

Upana huo unadai malipo kwenye reli. Ulimi wa milimita 9 unataka nafasi ya milimita 11 au 12 kati ya uso wa reli na ukuta, la sivyo utakwaruza plasta kila breketi inapochomekwa. Urefu nao una madai yake. Ili kulabu iingie, tundu lazima limeze shingo na ulimi kwa pamoja: 8 na 8, na milimita 1 ya kupumua, jumla 17. Matundu yakipangwa kila milimita 25, kati ya tundu na tundu kunabaki chuma cha milimita 8. Yakipangwa kila 32, kipimo ambacho watengenezaji wa makabati ya Ulaya wamekizoea, kunabaki 15. Mimi huchagua 32. Nani hasa anahitaji kuhamisha rafu kwa hatua za sentimita 2 na nusu?

Kulegea nako kuna hesabu yake, na wateja hulalamikia hili kuliko nguvu. Kulabu ikiwa na nafasi ya nusu milimita kwenye mgongo wa sentimita 5, ncha ya mkono wa sentimita 30 inashuka milimita 3. Breketi haijapinda hata chembe; imejikalisha tu. Lakini jicho linaona rafu inayoinamia mbele, na mtu hana raha nayo tena. Kwa hiyo mkono hukatwa ukiwa umeinuka kidogo. Digrii 1 kwenye sentimita 30 ni takriban milimita 5, na hizo zinatosha kufidia kulegea pamoja na kupinda kwa chuma chenyewe. Zaidi ya hapo rafu tupu inaonekana inatazama dari. Uso wa ulimi unaogusa reli nao naupa mwinamo mdogo, ili uzito unaposhusha breketi ujikaze wenyewe, kama kabari.

Halafu kuna rangi, ambayo huharibu vipimo vya watu wengi. Rangi ya unga inayookwa ina unene wa maikroni 60 hadi 100 kila uso. Kulabu ina nyuso mbili, tundu lina mbili: chukua 80 mara 4, umekula milimita 0.32. Bamba la 2 kwenye tundu la 2.3 lilipita vizuri kabla ya rangi. Baada ya rangi linahitaji nyundo, na nyundo inabandua rangi pale pale kutu inapopenda kuanzia. Ama panua tundu tangu kwenye mchoro, ama ziba kulabu zisipate rangi, ama tumia zinki ya umeme, ambayo unene wake ni kama maikroni 10 tu.

Bamba moja la milimita 2 pia lina ubaya wa kuyumba na kujikunja ubavuni hata kama nguvu zake za wima zinatosha. Mizigo ikiwa mizito, mkono huukunja umbo la U na kuupa safu mbili za kulabu, nayo reli ikawa na safu mbili za matundu. Breketi haiyumbi tena, na kani ya kulabu inagawanywa. Ila sihesabu nusu kwa nusu. Daima kuna upande unaogusa kwanza, kwa hiyo kila upande naupa uwezo wa kubeba theluthi mbili peke yake.

Tukifika ukutani, reli ndiyo inayotuokoa. Zile nyutoni-mita 30 zilizoivuta kulabu kwa nyutoni 600 zinagawanywa upya juu ya umbali mrefu: skrubu zikiachana sentimita 30, na reli ikiwa ngumu kiasi cha kutopinda kati yake, mvuto kwenye skrubu ni kama nyutoni 100. Reli ya bamba jepesi haifanyi kazi hiyo. Inapinda, na skrubu iliyo karibu na kulabu inabeba karibu kila kitu. Mahali pabaya kuliko pote ni ncha ya juu. Breketi ikichomekwa juu ya skrubu ya mwisho, reli inabanduka ukutani kuanzia juu kwenda chini. Ndiyo maana kwenye michoro yangu hakuna tundu juu ya skrubu ya juu kabisa. Mtu hawezi kuchomeka mahali pasipo na tundu, hata asiposoma maelekezo.

Kwa ukuta wa tofali au zege, fisha ya nailoni ya milimita 8, ile plagi inayotanuka tunduni skrubu ikiingia, na skrubu ya 5 hutosha kwa rafu za kawaida. Ni teknolojia ya mvumbuzi Mjerumani Arthur Fischer ya mwaka 1958 na sijaona sababu ya kuikimbia. Toboa kwenye tofali lenyewe, usitoboe kwenye kiungo cha udongo wa saruji, na unene wa plasta usiuhesabu: plasta haishiki kitu. Ukuta wa jipsamu ni habari nyingine. Huko reli ifungwe kwenye nguzo zilizo nyuma ya jipsamu, na kama nguzo haziko mahali unapotaka rafu, hamisha rafu.

Wakati wa kufunga, ninakaza skrubu ya juu nusu nusu, reli ining'inie, ndipo naisimamisha kwa timazi kabla ya kutoboa nyingine. Reli ya pili inapimwa kwa pima maji kutoka tundu la kwanza la reli ya kwanza. Ncha ya reli si ya kuaminiwa. Ukilazimika kukata reli, kata zote upande wa chini, la sivyo matundu hayatalingana tena.

Ubao wa rafu nautaja kwa haraka, kwa sababu kanuni ni moja: kwa mzigo uleule kila mita, ukizidisha umbali kati ya breketi mara mbili, ubao unabonyea mara 16. Vitabu vya kimo cha sentimita 25 na kina cha 20 vinafika kilo 35 hivi kwa mita, na chipubodi ya milimita 18 itaendelea kubonyea taratibu kwa miezi chini ya mzigo huo hata kama siku ya kwanza ilionekana imenyooka. Breketi mbili chini ya ubao wa mita 1 zisikae nchani. Ziweke kama sentimita 22 kutoka kila ncha, na ubao utabonyea kidogo kuliko ukiziweka popote pengine.

Kabla breketi haijaenda kwa mtu, naijaribu kwa ndoo ya maji. Lita 20 zikining'inizwa nchani kabisa zinatoa karibu momenti maradufu ya kilo 20 zilizoenea juu ya mkono. Napima kimo cha ncha kabla ya mzigo, naiacha ndoo usiku kucha, napima tena mzigo ukiwapo, kisha baada ya kuuondoa. Mara ya kwanza ncha isiporudi kwa milimita moja sishtuki, kwa kuwa rangi imebonyezwa na kulabu imejikalisha. Narudia. Mara ya pili inatakiwa irudi pale pale ilipoachwa. Ikishuka tena, naichomoa breketi na kuukagua mzizi wa ulimi kwa tochi: rangi iliyopasuka kwa mistari myembamba hapo inaonyesha chuma kimeanza kupinda. Breketi hiyo inakwenda kwenye vyuma chakavu, nami narudi kwenye mchoro kuongeza upana.