Mbwa Akianguka Kifafa: Maswali na Majibu kwa Wafugaji wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Mbwa akianguka ghafla, akakakamaa, akatoka povu na kujikojolea, watu wa boma husema mambo mawili: amelishwa sumu, au ameshikwa na kichaa. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mbwa wengi huuawa kwa mawe na rungu ilhali walikuwa na kifafa tu, ugonjwa unaotibika kwa vidonge vya bei nafuu. Haya ni maswali tunayoulizwa sana.

Mbwa ameanguka sasa hivi. Nianze na nini?

Tazama saa. Fanya hivyo hata kabla ya kumgusa. Degedege nyingi huisha ndani ya dakika moja au mbili, ila kwa mtu aliyeingiwa na hofu dakika moja huwa kama kumi. Muda halisi ndio utakaoamua kama unangoja atulie au unamkimbiza kwa daktari.

Kisha ondoa kilicho karibu naye: jiko, stuli, waya. Kama yuko ukingoni mwa ngazi au mtaro, mvute kwa ngozi ya mgongo au kwa miguu ya nyuma, ukiwa mbali na mdomo. Watoto watoke. Mbwa wengine wafungiwe, kwa sababu wanaweza kumshambulia mwenzao anayetapatapa. Zima redio, punguza mwanga, kaa kimya.

Usimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Mbwa hamezi ulimi wake. Taya zikibana wakati huo hazijui kidole ni cha nani. Usimmiminie maji wala maziwa, maana hawezi kumeza na yataingia kwenye mapafu. Kitunguu puani hakisaidii. Kumkandamiza chini hakuzuii chochote, na unaweza kumvunja mfupa.

Mkiwa wawili, mmoja arekodi video kwa simu: kwanza mwili mzima, kisha macho na mdomo. Daktari hukuta mbwa ameshasimama, na video ya nusu dakika humweleza mengi kuliko maelezo ya mtu aliyeshtuka.

Dakika tano zimepita na bado anapapatika.

Hiyo ni dharura, usingoje tena. Mpigie daktari wa mifugo mkiwa tayari njiani. Mbebeni wawili kwenye blanketi au gunia safi lililotandazwa, kichwa kikiwa nje ili apumue vizuri.

Misuli inayokaza mfululizo hutoa joto jingi. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Kwenye degedege ndefu linaweza kupita 41, na mchana wa Kisumu au Ahero linapanda upesi zaidi. Mlowanishe tumboni, kwapani na kwenye nyayo kwa maji ya kawaida ya bomba, fungua madirisha ya gari upepo upite. Usitumie barafu, maana hubana mishipa ya ngozi na joto likabaki ndani. Taulo lililolowa usimfunike nalo na kuliacha hapo, kwa sababu linapashika moto na kumzidishia. Kama una kipimajoto, acha kumpoza akifika 39.5, asije akashuka kupita kiasi.

Daktari huzima degedege kwa diazepamu, kwenye mshipa au kupitia njia ya haja kubwa. Kama mbwa wako anajulikana kuwa na kifafa na unakaa mbali na mji, muulize daktari kama anaweza kukupimia dozi ya dharura ya kuweka nyumbani na kukuonyesha jinsi ya kuitumia.

Hata degedege fupi ni dharura ikirudi mara ya pili ndani ya saa 24, au mbwa akianguka tena kabla hajapata fahamu, au akiwa mtoto, ananyonyesha, au unashuku sumu.

Imeisha, lakini hanitambui na anagonga kuta.

Ubongo wake bado unajirudi. Hali hiyo huchukua dakika chache hadi saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima. Anaweza kuwa haoni kwa muda, kuyumba, kuwa na njaa kali, au kumuuma hata mtu anayemlisha kila siku. Mweke chumba kimoja tulivu. Geti lifungwe, kwani mbwa wa hali hii hutoka akavuka barabara bila kuangalia. Maji kidogo baada ya kusimama na kumeza vizuri, chakula baadaye.

Andika kwenye daftari tarehe, saa, dakika ngapi, mwili mzima au upande mmoja, na alichokula au kuogeshwa nacho siku hiyo.

Nitajuaje kama ni kifafa au ni kichaa cha mbwa?

Kifafa huja na kuondoka. Baina ya mianguko mbwa ni yule yule: anakula, anakutambua, anabweka vile vile. Kichaa hakimwachii. Tabia hubadilika na kuzidi kubadilika siku hadi siku: mbwa mpole anauma vitu na watu bila sababu, au mkali anajificha, sauti inakwaruza, taya linaning'inia na mate yanatiririka kwa kuwa koo halimezi, miguu ya nyuma inalegea. Kuanzia dalili za kwanza, kwa kawaida anakufa ndani ya siku 10.

Ugumu ni kwamba mbwa mwenye kichaa naye anaweza kupata degedege, kwa hiyo kutazama mwanguko peke yake hakutoshi. Jiulize: alichanjwa lini? Miezi michache iliyopita alipigana na mbwa wa kuzurura, au alirudi na jeraha lisiloelezeka? Kirusi kinaweza kukaa mwilini wiki au miezi kabla ya dalili. Kama hana chanjo na tabia imebadilika, mfungie bila kumshika na uijulishe ofisi ya mifugo ya kaunti.

Kama ameuma mtu, au mate yake yameingia kwenye kidonda, jicho au mdomo: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili (jicho na mdomo kwa maji peke yake), kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uanzishiwe chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishamshika mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa akifa, au daktari akiamua auawe, kichwa kisipondwe, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa, na maabara kuu ya mifugo iko Kabete.

Mbwa huchanjwa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Mkakati wa taifa ulioanza 2014 unalenga kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Siku ya chanjo ya bure ikitangazwa kwa chifu au sokoni, mpeleke, hata huyu mwenye kifafa.

Kifafa chenyewe hakiambukizi, si kwa mate wala kwa povu. Imani hiyo imewaumiza watu wengi wenye kifafa katika vijiji vyetu, na inawaumiza wanyama pia.

Na kama ni sumu?

Sumu nyingi haziletwi na adui. Zinatoka kwenye stoo ya mwenye boma: dawa ya kupe ya ng'ombe, dawa ya mahindi, dawa ya panya.

Dawa za kundi la oganofosfeti, zinazotumika kuua wadudu na kupe, humfanya mbwa atoe mate na machozi kwa wingi, aharishe, ajikojolee, mboni zisinyae hadi kuwa kama tundu la sindano, kisha atetemeke na kuanguka. Amitrazi, inayotumika sana kuogeshea ng'ombe, zaidi humfanya alegee, asinzie, mapigo yashuke na mwili upoe. Ndiyo maana chupa au picha ya lebo ni muhimu kuliko maelezo yako: atropini humwokoa mbwa wa oganofosfeti, lakini inaweza kumzidishia hatari yule wa amitrazi. Kosa la kila siku ni kupima kwa kofia ya chupa. Kofia si kipimo. Tumia sindano yenye alama za mililita, na dawa ambayo lebo inataja mbwa.

Kama dawa iko kwenye manyoya na hatapatapi, vaa glavu, mwogeshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu mara mbili tatu, mkaushe, kisha nenda. Akiwa katikati ya degedege usianze kumwogesha.

Kuna dawa nyeusi ya panya yenye fosfidi ya zinki. Ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi yenye sumu, na chakula huongeza asidi hiyo. Kwa hiyo usimlishe chochote, na akitapika usiinamie matapishi, maana gesi ile ile inakudhuru wewe. Safirini madirisha yakiwa wazi.

Maziwa hayavunji sumu. Mkaa wa jiko uliosagwa si ule mkaa maalumu wa hospitali. Maji ya chumvi ndiyo mabaya kabisa: chumvi ikizidi kwenye damu huleta degedege yenyewe, na mbwa aliyeponea sumu ndogo anakufa kwa tiba.

Kisa kingine cha agroveti ni ivamektini ya ng'ombe, dawa ya minyoo, inayodungwa mbwa mwenye upele. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita. Mililita moja kwa mbwa wa kilo 5 ni miligramu 2 kwa kila kilo, kiwango kinachoweza kumlevya, kumpofusha na kumtetemesha. Kwa mbwa wa aina ya Collie hata sehemu ndogo sana ya hapo ni hatari, kwa sababu wengi wao wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kupenya hadi kwenye ubongo.

Magonjwa gani mengine huleta degedege?

Kwa mtoto mdogo, sukari kushuka kutokana na njaa au minyoo: mpake asali au glukosi kidogo kwenye fizi, kisha mpeleke. Kwa ambaye hajachanjwa, distempa: makamasi mazito, macho yenye usaha, kuharisha, halafu taya linalotafuna hewa na misuli inayoruka hata akilala. Kwa jike anayenyonyesha, hasa mdogo mwenye watoto wengi, kalsiamu kushuka: anahema, anakakamaa, anapata joto kali. Watenge watoto na umpeleke mara moja adungwe kalsiamu polepole. Usimpe kalsiamu ya ziada akiwa na mimba ukidhani unamkinga, kwa kuwa mwili wake huzoea kuletewa na hushindwa kuitoa kwenye mifupa inapohitajika.

Homa ya kupe inaweza kufika kwenye ubongo. Na kwenye maeneo yenye mbung'o, kama bonde la Lambwe kule Homa Bay, mbwa mwenye homa na macho yaliyofunga ukungu apimwe nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, ambao ikishika mishipa ya fahamu hufanana na kichaa.

Kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana huanza mara nyingi kati ya miezi 6 na miaka 6, wengi wakiwa wamelala au kupumzika. German Shepherd na Labrador ni kati ya wanaokirithi.

Dawa huanza lini, na hutolewaje?

Mwanguko mmoja mfupi kwa mwaka kwa kawaida hauhitaji vidonge. Madaktari huanza dawa mbwa akianguka mara mbili au zaidi ndani ya miezi 6, au mara kadhaa kwa siku moja, au degedege ikipita dakika tano.

Dawa ya kwanza ni fenobabitoni, ile ile ya watu, kwa cheti cha daktari. Kipimo cha kuanzia ni takriban miligramu 2.5 kwa kila kilo, kila saa 12. Mbwa wa kilo 25 atapata karibu miligramu 60, yaani vidonge viwili vya miligramu 30, saa moja asubuhi na viwili saa moja jioni. Mpime uzito kwa mizani: panda naye, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Hesabu hii ni ya kukusaidia kumfuata daktari, si ya kujianzishia.

Wiki mbili za kwanza atayumba, atasinzia, atakunywa maji sana na kuomba chakula bila kushiba. Kuyumba hupungua, njaa na kiu hubaki kiasi. Watu wengi huacha dawa hapa, wakisema inamlewesha. Mvumilie. Baada ya wiki mbili damu hupimwa kiwango cha dawa, ambacho hutakiwa kiwe kati ya mikrogramu 15 na 35 kwa mililita. Juu ya hapo ini huumia. Ini lipimwe kila miezi 6, na macho yakiwa ya manjano usingoje tarehe.

Fenobabitoni ikishindwa peke yake, huongezwa potasiamu bromaidi. Hiyo hutaka chumvi ya chakula isibadilike: leo ugali na omena, kesho mabaki ya nyama choma yenye chumvi nyingi, na figo zitaitoa dawa nje upesi, mbwa aanguke.

Miezi mitatu hajaanguka. Niache?

Hapana. Kuikata ghafla huleta degedege mbaya kuliko zile za mwanzo, kwa sababu ubongo umeshazoea dawa. Hata baada ya mwaka mmoja au miwili bila kuanguka, hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, chini ya daktari. Ukisahau dozi mpe unapokumbuka, usimpe mbili pamoja. Nunua nyingine kopo likibaki na ya wiki mbili, si la mwisho likiisha Jumapili jioni.

Anaweza kuendelea kulinda boma?

Anaweza. Ila usimfunge kwa mnyororo usiku, akianguka mnyororo unaweza kumnyonga; mjengee banda lenye sakafu tambarare. Asiogelee ziwani wala asiachwe kando ya kisima kisicho na mfuniko. Na asizalishwe, awe dume au jike: mhasi, kwani homoni za jike akiwa kwenye joto huweza kumzidishia mianguko, na watoto wake wanaweza kurithi ugonjwa huo huo.